Bunduki Isiyo na Haraka

Rukundo: Haloo? Nani huyo? Kioo cha simu kimepasuka, sioni jina.

Nestor: Ni mimi, Nestor. Ongea polepole.

Rukundo: Shemeji! Mbona unanong'ona kama mwizi wa kuku?

Nestor: Usiniite shemeji bado. Nimejifungia chooni, huku range ya kulenga shabaha, karibu na mji wa Champlin. Babako yuko nje.

Rukundo: Papa alikupeleka kupiga bunduki? [anacheka] Basi Shekinah alimwambia unataka kumuoa.

Nestor: Jana jioni! Leo asubuhi nasikia honi nje, Mzee Birindwa huyo, boksi ya bunduki iko kwa buti. Rukundo, nimeharibu. Hatanipa dada yako.

Rukundo: Ngoja niende upande wa mashine ya soda, hapa warehouse network ni— [mkwaruzo] —eeh, sema. Break yangu imebakisha dakika tano.

Nestor: Ile bunduki yake ya cowboy, ya mbao. Yenye unavuta kile chuma cha chini ndio risasi ingine iingie.

Rukundo: Ninaijua. Inakula risasi za bastola, hata haisukumi bega.

Nestor: Bega liko poa. Ni kidole, manze! Hicho chuma kimenibana mpaka nikaita mama. Halafu nikasahau kukivuta, nikawa nafinya tu, klik, klik. Risasi kumi, na karatasi yangu haina hata tundu.

Rukundo: Hata moja haikupata karatasi?

Nestor: Moja ilipata. Ya mzungu wa jirani.

Rukundo: [anacheka mpaka anakohoa]

Nestor: Cheka tu. Mzee naye amepiga kumi, zote katikati. Kwani alijifunzia wapi?

Rukundo: Kwetu, siku za vita. [mkwaruzo]

Nestor: Haloo? Umepotea?

Rukundo: Niko. Sikiliza. Unamkumbuka Jeremiah?

Nestor: Yule aliyemtaka Shekinah kabla yangu?

Rukundo: Papa alimpeleka pale pale. Akashika ile bunduki kama mtu anashika kijiko. Hata hakuiangalia, mikono ilijua yenyewe. Papa akamnunulia soda, akamrudisha kwao, na mpaka leo hajataja jina lake.

Nestor: Si alipiga vizuri lakini?

Rukundo: Alipiga vizuri sana.

Nestor: Aah.

Rukundo: Papa haangalii karatasi, anaangalia mikono. Hiyo bunduki aliichagua sababu haifanani na zile za vita vya kwetu. Anasema haina haraka, kila risasi inakuuliza kwanza. Wewe uliishika namna gani?

Nestor: Kama mop ya kudekia.

Rukundo: Basi umeoa!

Nestor: Wacha, kuna shida. Kwa gari aliniuliza kama nishawahi kushika bunduki. Nikamwambia tangu utotoni. Eti babu yangu alikuwa askari wa wanyamapori, alinifunza kulenga nikiwa na miaka nane.

Rukundo: Nestor! Babu yako si aliuza viatu?

Nestor: Vya mitumba. Nilitaka anione mwanaume, bro!

Rukundo: Toka umwambie ukweli. Sasa hivi.

Nestor: Nitamwambia tukiwa kwa gari, nikishapanga man— [mlango unagongwa] Uwii. Ni yeye.

Rukundo: Sema, bwana!

Nestor: Mzee? Niko hapa... Hapana, tumbo haliniumi. Mzee, nilikudanganya. Babu yangu alikuwa anauza viatu. Mimi sijawahi kushika hata manati. Nisamehe.

Rukundo: Anasema nini?

Nestor: Nimeweka sikio kwa mlango.

Rukundo: Na sasa?

Nestor: Subiri. Kuna kitu... Anacheka.

Rukundo: Papa? Anacheka kwa sauti?

Nestor: Mpaka anapigapiga mlango! Anasema alijua tangu nilipobanwa kidole. Anasema wazazi wangu wampigie simu Jumapili waongee mahari, na nitoke nimsaidie kuokota maganda ya risasi. Rukundo, umesikia? Jumapili! Haya, kwaheri, wacha nikimbie, najua break yako imeisha—

Rukundo: Usikate.

Nestor: Si watakuandika umechelewa?

Rukundo: Waandike. Weka simu kwa mlango, shemeji. Nimsikie Papa akicheka, ni miaka mingi.