Kabati Nimelipenda, Ila

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vioo, nasi hukaa hapo kunywa kahawa hadi jua litufukuze. Kila mmoja ana jina la nyumbani na la benchi, na hapa nitatumia la benchi. Fundi seremala ni Gundi, maana akikaa habanduki. Fundi wa kupaka rangi ni Rangi Mbili, kwa ajili ya suruali yake. Fundi redio ni Waya. Mimi ni Karani, na hilo si jina la utani; nilikuwa karani miaka thelathini na minne.

Siku ya Jumanne, Gundi alikuja bila salamu, macho kwenye simu. Alikuwa ameweka picha ya kabati lake la milango mitatu kwenye soko la mtandaoni, na asubuhi hiyo mteja wa kwanza baada ya miezi miwili alikuwa ameandika. Ujumbe ulionekana mwanzo tu: “Habari fundi, kabati nimelipenda, ila…” Alipougusa asome kilichofuata, soko likamtoa nje. Na mkewe alikwisha sema: kabati lisipouzwa wiki hii, Gundi akafanye kazi kwa shemeji yake anayetengeneza majeneza.

— Wanasema mimi ni roboti, alisema.

— Tangu lini? aliuliza Rangi Mbili.

— Tangu saa mbili.

Ili kuthibitisha ubinadamu wake, alitakiwa achague picha zote zenye ngazi. Hapo benchi likagawanyika. Rangi Mbili alishikilia kwamba ngazi ni ile anayoiegemeza ukutani na kuipanda na kopo lake. Yale mambo ya saruji ni vipandio tu. Waya alisema ngazi ni ya ghorofa, na ile ya Rangi Mbili ni miti iliyopigiliwa misumari. Waliponiuliza, niliwaambia kwamba zote mbili huitwa ngazi. Gundi akachagua zote, akakataliwa. Akachagua za saruji, akakataliwa. Akachagua ile ya miti peke yake, akaambiwa asubiri kidogo, kisha akakataliwa.

Waya alieleza kwamba mtambo hauangalii picha, unaangalia kidole. Gundi alikuwa anabonyeza kama mtu anayejua anachofanya, na binadamu hayuko hivyo. Basi Gundi akasitasita. Rangi Mbili akamshauri agune kidogo. Akaigunia simu, tena kwa heshima, akakataliwa.

— Leta hicho kidole, alisema Waya, akakigeuza juani. Unaona? Msasa umekilamba chote. Hiki si kidole tena, ni mpini.

Rangi Mbili alijitolea chake, lakini kilikuwa na rangi ya jana, na Waya akahofia mtambo utadhani Gundi ni ukuta.

— Mimi nadhani, Waya aliendelea akishusha sauti, kuna roboti mahali fulani anaitwa Gundi, naye aliwahi kuingia kabla yako.

Gundi aliinua macho kutoka kwenye simu.

— Anatengeneza makabati?

— Ya milango minne.

Hilo lilimuuma kuliko yote. Akabonyeza mara tatu mfululizo kwa hasira, na soko likamwambia amejaribu kupita kiasi, arudi kesho.

Tulikuwa bado tunampa pole alipotokea mama mmoja aliyevaa sare ya uuguzi, akamwulizia fundi wa kabati. Alisema ameandika tangu asubuhi hajajibiwa, ndipo akaamua kuulizia mtaani.

— Ndiye mimi, alisema Gundi akisimama. Na ni mtu kabisa, dada.

Mama yule alimtazama kidogo, kisha akamfuata karakanani, hatua chache tu kutoka pale, nasi nyuma yao. Alifungua milango yote mitatu, akapitisha kiganja kwenye mbao, akasema kazi ni safi kuliko hata kwenye picha.

— Uliandika umelipenda, ila. Ila nini, dada?

— Ila kwenye picha niliona na mlango wa karakana ulivyo mwembamba, akasema, akiugeukia. Sasa hili kabati litatokea wapi?

Tuliutazama mlango. Tukalitazama kabati. Waya akatazama dirisha. Gundi alifungua mlango mmoja wa kabati lake, akachungulia ndani kwa muda mrefu, kana kwamba jibu limetundikwa humo.