Daktari Anarkul na Swali la Mlango Uliofungwa

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Daktari Anarkul Madumarova anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika idara yetu ya radiolojia hapa Osh, Kirigizistani. Alianza enzi za filamu za eksirei zilizoanikwa kwenye kamba kama nguo. Anaondoka akiwa mkuu wa idara, na mtu pekee anayeruhusiwa kuligusa birika la chai.

Anajulikana zaidi kwa kusoma picha za utumbo uliodhuriwa na tiba ya mionzi. Kazi hiyo ni ngumu kwetu kwa sababu tunayoijua sote: mzazi akipata saratani, watoto humficha ugonjwa wake. Mama huambiwa anapashwa joto kizazi. Miaka ikipita na tumbo likaanza kumsumbua, huapa kwamba hajawahi kutibiwa kwa mionzi, na hasemi uongo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama Sairakan wa Nookat, mwaka jana theluji ilipoanza kuyeyuka. Picha ya CT ilionyesha kuta za utumbo zimevimba na njia imekuwa nyembamba. Daktari Ulan, kijana wetu hodari ambaye ameturuhusu tulisimulie hili, alisoma kuwa ni saratani, na upasuaji ukapangwa kufanyika kesho yake. Utumbo uliochomwa na mionzi ukikatwa hauponi vizuri. Mama yule angeweza asirudi nyumbani.

Daktari Anarkul aliitazama picha akiwa bado na kikombe mkononi. Mikunjo yote iliyovimba ilikuwa chini, ndani ya nyonga, na uvimbe ulikoma ghafla kana kwamba umepigiwa rula. Juu ya hapo utumbo ulikuwa mzima. Saratani haikomi hivyo; mionzi ndiyo huishia pale mashine ilipoelekezwa.

"Ulan, mwanangu," alisema, "saratani gani hii inayojua kupiga mstari?"

Akaenda kwa mgonjwa. Hakutaja mionzi wala ugonjwa. "Mama, umewahi kulazwa chini ya mashine, watu wote wakatoka, mlango ukafungwa?"

"Ah, lile joto la kizazi," Mama Sairakan akajibu. "Kule Bishkek, wiki tano. Joto lenyewe sikulisikia hata kidogo. Nilimwambia mwanangu, hawa wametuibia."

Mwanawe, Zamirbek, alikuwa akitazama viatu vyake. Koridoni akasihi: "Dada, usimwambie. Hajui."

"Sitakutangulia kumwambia. Lakini tumbo lake linajua, na wewe ungenyamaza mpaka kwenye kisu."

Zamirbek akaeleza yote, na upasuaji ukafutwa. Jioni alimwambia mama yake mwenyewe. Mama alimpiga kofi begani, kisha akaomba chai.

Alitibiwa kwa dawa na kwa kuchaguliwa chakula. Vuli alikuja kwa miguu yake na mfuko wa kuruti, vile vidonge vyeupe vya maziwa makavu. "Mmenikataza maziwa," alisema, "basi kuleni nyinyi."

Tangu hapo kila anayekuja kupigwa picha ya tumbo huulizwa kuhusu mlango uliofungwa. Kuanzia Jumatatu Daktari Ulan ataliuliza swali hilo, na sisi wa mapokezi tutaliuliza, hata wale kati yetu ambao sauti zao hazivuki dirisha la mapokezi. Daktari Anarkul ametufundisha kuinama karibu na kuuliza taratibu.

Asante, Daktari, kwa wote waliorudi nyumbani. Nenda ukapumzike kwenye miti yako ya aprikoti, uwe na afya na siku ndefu. Birika hatutaligusa mpaka uje kututembelea.

Aijarkyn, Mapokezi