Verna Tufte na Mwizi wa Ndani ya Buti

Ijumaa, tarehe 28 Machi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusaka vinavyonyonya betri za watu, Verna Tufte anastaafu ufundi umeme katika karakana yetu hapa Yuma.

Alianza kwa kupokea simu. Fundi mkuu wa enzi hizo alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: betri imekufa, nunua nyingine. Verna akawaonea huruma wateja, akajifunza kutumia mita, na mwaka haukuisha fundi yule alikuwa anapokea simu yeye.

Wazee wanaokimbilia kwetu na magari-nyumba yao theluji ikianza kaskazini wanamjua vizuri. Huzima swichi kubwa ya betri wakaondoka wakitamba, kumbe king'ora cha gesi inayovuja na ngazi ya umeme ya mlangoni vinaendelea kula betri. Kikulacho ki nguoni mwako, Verna huwaambia, wala hapunguzi makali kwa mtu yeyote.

Kisa cha Orville Hauge wa Minnesota hatukisahau. Mkewe, Lorraine, hulala na mashine ya kumsaidia kupumua, na betri ilikuwa ikiisha kabla hakujapambazuka. Walishabadilisha betri tatu. Orville alikuwa amebandika dirishani tangazo la kuuza gari. Bila umeme wa uhakika, safari zao zilikuwa zimekwisha.

Verna alichomoa fyuzi mojamoja, mita mkononi, mpaka mshukiwa akabaki mmoja: fyuzi ya taa ya buti, yaani sehemu ya mizigo ya gari. Lakini utajuaje kama taa inazimika buti likifungwa? Verna, na miaka yake hamsini na tisa, akajikunja humo ndani, akaniamuru nifunge.

"Inawaka!" akapiga kelele. "Mwizi ninaye humu!"

Komeo nalo likagoma. Tulihangaika na bisibisi dakika ishirini, Orville akichungulia ufa na kumtania: "Tulia, mama, angalau taa unayo."

Alitoka na vumbi hadi kwenye kope, akabadilisha kiswichi cha mlango wa buti kinachozima taa, kazi ya dakika tano. Orville akabandua tangazo. Lorraine alilia, nasi tukajifanya tunapanga vifaa. Wamerudi kila majira ya baridi tangu hapo, miaka sita sasa.

Verna, tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakutakia afya, mapumziko matamu na barabara njema. Lorraine ameomba niongeze mstari wake mmoja: jana usiku alilala mpaka asubuhi.