Jogoo Asiye na Sukari

Kwenye benchi mbele ya kibanda cha Fundi Saa, kahawa ya mchana ule ilinyweka kwa shida. Chini ya benchi alilala Jemadari, jogoo wake, miguu imefungwa kamba. Mayai yalikuwa yameatamiwa mara tatu bila hata kifaranga kimoja, na binti wa Fundi alishasema: vipimo vikija vibaya, jogoo anaingia sufuriani. Nyumba ya Fundi imejaa saa, lakini tangu mkewe afariki, anayemwamsha ni huyu. Sasa karatasi ya maabara ya mifugo ilikuwa mikononi mwa Kamusi, mchora mabango anayejua kila neno, hasa yale asiyoyajua.

— “Majimaji ya mbegu za jogoo,” Kamusi alisoma. “Potasiamu: ipo. Glutameti: nyingi. Sukari ya matunda: haipo.”

— Haipo kabisa? Fundi aliuliza.

— Hata chembe. Pole, ndugu yangu.

Breki, dereva mstaafu wa lori, akadakia:

— Sasa mbegu itasafirije? Hilo si gari bila mafuta?

— Ndiyo maana wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini, Kamusi alisema. Sukari ya mjini bei juu.

— Na hiyo glutameti?

— Gluu, Breki. Gundi! Mbegu zimegandana.

— Basi apewe soda, zizibuke!

— Soda, na embe bivu kutwa mara tatu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame: tumwinamishe, tumnyweshe.

— Yai likitoka na povu msinilaumu, alisema Mama Buli, muuza kahawa.

Fundi hakucheka. Alimpapasa Jemadari kichwani. Alimpenda yule ndege, wala hakuona haya.

Mama mmoja aliyeleta saa itengenezwe alikuwa kasimama muda wote.

— Samahanini, wazee wangu. Kwani majimaji ya jogoo mzima huwa na sukari kiasi gani?

Kamusi akageuza karatasi. Nyuma hamna kitu. Breki akachungulia kikombe chake.

— Kamusi, Fundi alisema polepole, wewe si una jogoo?

— Wangu? Wangu ana vifaranga uwanja mzima!

— Ndiyo maana nasema akapimwe yeye.

Mama Buli akacheka mpaka buli likatikisika. Fundi alichukua kibano chake cha saa, akainama, akafungua fundo la kamba. Jemadari akasimama, akajikung'uta, akawika kwa nguvu zote, jua likiwa utosini.

Fundi akaitazama saa ya yule mama, kisha akamtazama jogoo wake.

— Mama, alisema, saa yako ndiyo mbovu.