Alichosema Fundi Ukumbini

Nje ya duka la Kitheka, fundi wa nguo, kwenye barabara inayoteremka kutoka soko la Voi kwenda stesheni ya zamani, kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye behewa la treni ambalo halikuhitajika tena. Springi zake zimechoka, na ukikaa katikati unazama mpaka magoti yanakaribia kidevu. Hapo ndipo wanaume watatu hunywa kahawa ya tangawizi kila siku saa tisa, jua likishahamia upande wa pili wa barabara. Wa kwanza ni Kitheka mwenyewe, anayeitwa Hakimu kwa sababu hakuna sinema wala kipindi cha runinga ambacho hajakihukumu. Wa pili ni Nzau, mfungaji wa madishi ya runinga, ndiyo maana jina lake ni Dishi. Wa tatu ni Sylus, aliyeendesha lori kwenda Kongo na kurudi miaka ishirini na sita. Huyo ni Mizigo. Kahawa ni ya Tryphena, mama wa Werugha asiye na jina la utani, maana hakuna aliyethubutu kumpa. Jumatatu hiyo Kitheka alitoka dukani akiwa amechelewa kidogo, tena kwa makusudi. Alijua anangojwa.

— Betri imeisha! Dishi akampokea kabla hajakaa.

— Betri imeisha! akaitikia Mizigo, akajipiga paja mpaka kahawa ikamwagika. Hakimu, wewe uliua watu Jumamosi. Mimi mbavu bado zinauma.

— Hata huko sokoni wanasema, Dishi akaongeza. Leo asubuhi nimepanda juu ya paa la mtu, mwenye nyumba ananiuliza mbona picha haishiki. Nikamwambia, mzee, betri imeisha! Tulicheka mpaka nikaogopa kuanguka.

Kitheka alipokea kikombe chake kwa Tryphena, akajifanya hataki sifa. Moyoni alikuwa anaogelea.

Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa, ilikuwa imeonyeshwa sehemu ya pili ya sinema iitwayo *Jiwe la Kijani*. Sehemu ya kwanza ilipigwa picha katika kijiji cha Mraru miaka minne nyuma, na Voi nzima iliipenda. Ilikuwa hadithi ya mama mjane anayekataa kuuza shamba lake baada ya jiwe la thamani kupatikana chini ya mtama wake. Watu waliona barabara wanazozijua, wakaona mbuzi wanaowajua, na yule mjane aliigizwa na mama wa kawaida kabisa ambaye hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Alipolia, ukumbi wote ulilia. Sasa sehemu ya pili ilikuwa na helikopta, hoteli, na majambazi waliovaa miwani ndani ya nyumba. Karibu na mwisho, yule mama alisimama kwenye kaburi la mwanawe akaanza kusema, na maneno yakatoka polepole, mazito, moja baada ya jingine. Ukumbi ulikuwa kimya. Kitheka, safu ya nne, akapaza sauti: “Mpeni maji, betri imeisha!” Watu wakacheka, na kicheko hakikutulia mpaka taa zikawashwa.

— Sasa tuambie, Hakimu, Mizigo akasema. Sinema nzuri vile iliharibika wapi?

— Iliharibika siku walipoacha watu wa hapa, Kitheka akajibu. Ile ya kwanza ilikuwa na jasho. Hii ya pili kila kitu kimetoka Nairobi, hata vumbi. Uliona lile gauni la mama? Gauni gani lile? Limekaa kama gunia la makaa.

— Ni kama *Kasri la Madam Vero*, Dishi akadakia. Kile kipindi cha saa mbili. Si mnakumbuka Madam Vero mwenyewe alienda Dubai kwa wiki moja, akarudi akiwa mwanamke mwingine kabisa? Mwembamba, mweupe, sauti ya kasuku. Na mumewe anamwambia karibu nyumbani, mpenzi, kana kwamba hajaona kitu!

— Mimi niliacha kukitazama hapo hapo, Mizigo akasema.

— Uongo, akasema Tryphena bila kugeuka. Ijumaa ulinieleza yote.

— Nilipita tu nikasikia kwa jirani.

— Ulisikia mpaka rangi ya kitanda?

Wakacheka, na Mizigo akatazama barabarani kama mtu anayengoja lori.

— Ninachosema ni hiki, Dishi akaendelea, akisogea mbele na kuzama zaidi. Yule mama wa Jumamosi si yule wa kwanza. Wamembadilisha. Wametafuta anayefanana naye, wakamwambia asimame tu. Ndiyo maana hajui kusema.

— Hapana, akasema Mizigo. Wewe uko karibu lakini hujafika. Yule si mtu.

— Si mtu?

— Ni kompyuta. Siku hizi wanachukua picha yako ya zamani, wanaitia kwenye mashine, wewe uko nyumbani unapalilia, kumbe huko unaigiza. Mlitazama uso wake vizuri? Upande mmoja ulikuwa unasonga, huu wa kushoto umelala tu. Mashine ilishindwa kumalizia!

— Weh! Dishi akashika kichwa. Ni kweli! Ule mdomo!

— Na mkono, Mizigo akasema. Mkono wa kushoto haukuinuka hata mara moja. Anamlilia mtoto kwa mkono mmoja! Hakimu, sema wewe. Kompyuta au si kompyuta?

Wote wawili walimgeukia. Kitheka alikunywa kahawa taratibu, maana swali hilo lilimgusa mahali ambapo hakutaka kuguswa. Yeye ndiye aliyeshona nguo za sehemu ya kwanza. Alimpima yule mama hapa hapa dukani, na mwisho wa sinema jina lake lilipita kwenye skrini, *Mavazi: Kitheka*, na mkewe alipiga makofi peke yake ukumbi mzima. Kwa sehemu ya pili alingoja simu. Alinunua hata kitambaa cha kaniki akakiweka tayari. Simu haikuja. Jumamosi aliingia ukumbini akiwa ameshaihukumu sinema kabla taa hazijazimwa.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Mama yule alipotokea, jicho lake la fundi lilienda moja kwa moja begani. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, si kwa kosa la gauni. Gauni haliwezi kushusha bega namna ile. Aliliona, akajua kuna kitu, na bado mdomo wake ukafunguka.

— Kompyuta, akasema. Lazima ni kompyuta.

— Nani hapa ni fundi Kitheka?

Aliyeuliza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu na mfuko wa nguo kifuani. Hawakujua alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Tryphena alimsogezea kigoda na kumpa kikombe.

— Ni mimi, dada, Kitheka akasema.

— Shikamoo, fundi. Naitwa Elsie, nimetoka Mraru. Mimi ni binti ya Mama Wakio, yule wa sinema.

Dishi aliangalia kikombe chake. Mizigo alikohoa.

— Marahaba, Kitheka akasema. Mama hajambo?

— Anaendelea. Nimesikia mkisema ni kompyuta. Elsie alisema kwa upole, kama anayesahihisha watoto. Si kompyuta. Ni yeye. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wote wa kushoto ukalala. Wenye sinema walipokuja kumchukua walimkuta hivyo. Mimi niliwaambia wamwache. Yeye akasema hapana, kazi niliianza, nitaimaliza. Yale maneno ya kaburini tulifanya mazoezi miezi miwili, mimi na yeye, jikoni. Mwanzoni alikuwa hawezi kutamka hata “mwanangu.”

Pikipiki ilipita, ikapita nyingine.

Elsie alifungua mfuko akatoa gauni la kahawia lenye mshono wa rangi ya udongo shingoni. Kitheka alilijua kabla halijakunjuliwa. Lilikuwa kazi ya mkono wake. Elsie alimlazia magotini.

— Amekonda, Elsie akasema. Analipenda hili, anataka lipunguzwe avae kanisani. Nilimwambia mafundi wapo hata kwetu Mraru, akakataa. Anasema ni wewe tu unayejua kipimo chake.

— Nitalipunguza, Kitheka akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

— Asante. Halafu kuna kitu kingine amenituma. Elsie alicheka kidogo, kwa aibu ya mtu anayeuliza jambo dogo. Jumamosi tulikuwa ukumbini, tulikaa nyuma karibu na mlango. Mimi nilikuwa nimetoka kumtafutia maji ya kumezea dawa. Niliporudi nikakuta watu wote wanacheka, na yeye pia anatabasamu. Akaniambia, Elsie, nimesikia sauti ya fundi wangu, amekuja kunitazama. Lakini siku hizi maneno ya haraka yanampita, hakushika ulichosema. Tangu Jumamosi ananiuliza. Kwa hiyo nikuulize wewe mwenyewe. Ulisema nini, fundi, kilichofurahisha watu hivyo?

Kitheka alitamani springi za kiti zimmeze. Aliweka kikombe chini, karibu na mguu wake.

— Alisema… Dishi akajaribu kumwokoa. Alisema mama apewe maji.

— Maji? Elsie akauliza. Si ndiyo niliyokuwa nimeenda kuleta?

— Eeh, Mizigo akasema haraka. Alimhurumia. Aliona amechoka.

— Na watu wakacheka?

Tryphena alikuwa amesimama na birika mkononi, anamtazama Kitheka, wala macho yake hayakuwa na msaada wowote. Kitheka aliona njia ilivyo wazi mbele yake. Angenyamaza tu, angelichukua gauni, na Mama Wakio angeendelea kuamini kwamba fundi wake alimtakia mema mbele za watu. Karibu aifuate njia hiyo. Lakini gauni lilikuwa limelala magotini pake, na bega la kushoto, alilolikata yeye mwenyewe kwa kipimo cha mwanamke mzima, lilikuwa linamwelekea.

— Nilisema betri imeisha, akasema.

— Betri? Elsie aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. Betri ya nini?

Maneno yaliyokuwa yamezunguka soko zima tangu Jumamosi, yaliyopanda mpaka juu ya mapaa, hayakupata hata mtu mmoja wa kuyaeleza. Dishi alitazama waya za stima. Mizigo alianza kuhesabu vidole vyake. Tryphena alifunika birika, akasema kahawa imekwisha, ingawa wote walisikia ilivyotikisika ndani.

Elsie alielewa peke yake. Ilimjia polepole, na Kitheka aliiona ikifika usoni. Hakupiga kelele. Aliinuka, akalichukua gauni kutoka magotini pa fundi, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akalirudisha mfukoni.

— Nilimwambia watu walifurahi, akasema. Sasa nimwambie nini?

— Usimwambie kitu, Kitheka akasema. Nitamwambia mimi. Leo.

— Sikukuomba uje.

— Najua.

Elsie aliubana mfuko kifuani. Aliondoka kuelekea barabara ya Taveta. Kitheka aliingia dukani akachukua futi yake ya kupimia, akafunga mlango saa kumi mchana, jambo ambalo hata wakati wa msiba hakulifanya, akamfuata hatua kumi nyuma.

Huko Mraru walimkuta Mama Wakio ameketi kivulini kando ya nyumba, anapukuchua mbaazi kwa mkono mmoja, ganda amelibana kwa goti. Alipomwona Kitheka, upande wa kulia wa uso wake uling'aa.

— Fundi… wangu, akasema.

Kitheka hakukaa, ingawa aliwekewa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi: jinsi alivyongoja simu, jinsi alivyoingia na kinyongo, jinsi alivyoliona bega, na alichokisema. Alirudia maneno yale yale, bila kuyapunguza. Yalipotamkwa hapo, mbele ya ungo wa mbaazi, yalikuwa maneno ya mtu mdogo sana.

Mama Wakio alipukuchua ganda jingine, mbaazi moja moja. Kitheka hakujua kama anatafuta maneno, au ameshayapata na hataki kuyatoa.

— Nilidhani… umenishangilia, akasema mwishoni.

— Nisamehe, mama.

Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Aliusukuma ungo pembeni, akaegemea ukuta, akasimama.

— Pima, akasema.

Aliinua mkono wa kulia. Kitheka alizungusha futi kifuani, akasubiri mkono wa pili. Ndipo akaona kwamba mama naye anasubiri. Elsie, mlangoni, hakusogea kusaidia. Kitheka akainama, akaushika mkono wa kushoto, uliokuwa wa baridi na mzito kuliko alivyodhani, akauinua mwenyewe.