Nani Alifunga Nyaya za Gari la Mzee Leodegari

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo. Baba Paroko Kajetani, pamoja na masheikh wetu mlioketi naye bega kwa bega. Walimu wenzangu, wanachuo, wageni waalikwa kutoka Maposeni, Namtumbo na hapa mjini. Nawe Mama Kunegunda, ambaye itifaki imekuweka mwisho lakini wali tunaousikia harufu yake ni wako: nawasalimu wote kwa heshima. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimepewa dakika kumi na tano za kumuaga Mzee Leodegari, fundi wetu wa magari, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kama Mkuu wa Chuo nilipaswa kuja na maneno matamu. Lakini mimi pia ni Sefu, Myao wa Tunduru, na huyu ni Mngoni wa Maposeni, mtani wangu kabisa. Mtani akikusifu sana mbele za watu, shika mfuko wako. Kwa hiyo nitamsema kwanza, na sifa zitafuata kama muda utabaki.

Ndugu zangu, nani hapa hajawahi kusikia jina la "Mzee Rivasi"? Nyoosheni mikono. Mnaona? Hata Mheshimiwa, aliyehamia Songea mwezi wa nne tu, anatabasamu. Watoto wanaliimba barabarani, na Mama Kunegunda, mke wa Mzee Leodegari, akienda sokoni kununua dagaa anaitwa Mama Rivasi. Mmelicheka jina hili miaka sita, na hata mliokuwepo siku lilipozaliwa hamjui yote. Wanaoijua habari yote ni watu wawili: mmoja hasemi, na mwingine ndiye aliyeshika maikrofoni.

Turudi mwaka 1993. Ruksa ya biashara huria imeshatufikia, maduka yamejaa, kila mwenye uwezo anaagiza anachotaka. Mfanyabiashara wetu Bwana George, namwona pale nyuma, usijifiche ndugu yangu, naye akaagiza gari. Wenzake waliagiza pikapu za kubebea mahindi. Yeye akaagiza gari la spoti: jekundu, milango miwili, limelala chini kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Likiwashwa hapa mjini, watu wa Msamala walitazama juu wakidhani ndege imekosea njia. Na kwenye tambarare, tuseme kweli, lilikimbia. Lakini Songea yetu ina tambarare ngapi? Likisimama mlimani haliondoki. Injini yake haikuwa na nguvu mpaka izunguke sana, na ukiizungusha sana ukiwa umesimama, klachi inaungua. Ziliungua klachi tatu kwa miezi minne. Mara ya mwisho lilisukumwa na wanakwaya waliokuwa wanatoka mazoezini, nao walisukuma huku wakiimba sauti zote nne. Bwana George akalileta hapa chuoni akasema, "Jifunzieni. Mimi nanunua pikapu."

Mzee Leodegari akalizunguka gari lile siku tatu bila kuligusa. Siku ya nne akaniita. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa umeme, nina cheti cha daraja la kwanza, na cheti hicho nilikuwa nakitembeza.

"Mwalimu," akaniambia, "injini hii ni mtu wa kuamka saa nne. Akishaamka anafanya kazi ya watu wawili. Shida yake ni asubuhi. Tumtafutie wa kumsaidia asubuhi."

Akanipeleka nyuma ya karakana. Palikuwa na foklifti ya umeme, ile mashine ya kunyanyulia marobota, tuliyopewa wakati ghala moja la tumbaku lilipofungwa. Mwili umeoza, lakini mota yake nzima. "Hii haina habari ya kuamka taratibu," akasema. "Ukiigusa tu, nguvu zote ziko hapo. Ila mbio haina. Yule ana mbio, hana mwanzo. Tuwaozeshe."

Nilicheka, nakiri. Gari linywe petroli na kula umeme kwa wakati mmoja? Na umeme wenyewe huu wetu wa mgao? Kwa miezi mitano, kila jioni baada ya vipindi, alikuwa chini ya gari lile. Mota akaifunga karibu na shafti ya magurudumu ya nyuma, akaviunganisha kwa mnyororo. Betri nne za lori akazipanga kwenye buti. Chini ya pedali ya mafuta akaweka swichi: ukikanyaga ili uondoke, mota inasukuma pamoja na injini, gari likishashika mwendo, mota inaacha na injini inaendelea peke yake. Hakuwa na mchoro. Alikuwa na chaki na sakafu ya karakana, na elimu yake ya darasa la saba.

Ikabaki kazi ya nyaya. Hiyo akaniachia mimi, kwa sababu alifiwa na shangazi yake akaenda kuzika Maposeni. Kabla ya kuondoka aliniambia mambo mawili tu. La kwanza: "Mota tumeigeuza, inatazama nyuma. Ukiifunga kama ilivyokuwa kwenye foklifti itazunguka kinyume. Badilisha waya mbili." La pili: "Ukimaliza, piga jeki, uone magurudumu yanazunguka upande gani."

Sasa niambieni, mwenye cheti cha daraja la kwanza anafundishwa nyaya na darasa la saba? Nilifungua mchoro wa foklifti, nikafunga kama mchoro ulivyosema, neno kwa neno. Na jeki? Siku ile shemeji yangu Mwanaisha alikuwa anaolewa Namtumbo, na lori la kunichukua lilishapiga honi mara tatu getini. Nikasema, inshallah iko sawa. Pilau ya nikaha nilikula kwa amani kabisa.

Jumamosi ikawa siku ya maonyesho ya chuo. Mzee Leodegari alifika asubuhi hiyohiyo kutoka matangani, akaniuliza, "Umejaribu?" Nikamjibu, "Tayari, Mzee." Yeye akaniamini, akaenda kufunga tai.

Wazee wengine hapa mliona kwa macho yenu, lakini wanachuo hamkuwepo, basi sikilizeni. Uwanja umejaa. Chini ya turubai ameketi mgeni rasmi wa mwaka ule, mtu mzito kutoka mbali, sahani mkononi. Mzee anaingia kwenye gari. Injini inanguruma. Anatia gia ya kwanza, anakanyaga. Injini ikataka kwenda Njombe, mota ikataka kwenda Tunduru. Gari likabaki palepale linatetemeka, vumbi linapanda, mnyororo unalia, na wanachuo wanapiga makofi wakidhani hayo ndiyo maonyesho yenyewe. Kisha injini ikazima. Mzee akakanyaga klachi ili aiwashe tena, na hapo mota, ambayo swichi yake ilikuwa imenata, ikabaki haina mpinzani. Gari jekundu la spoti, fahari ya Songea nzima, likaanza kurudi nyuma polepole, kwa adabu zote, kuelekea turubai la wageni.

Mgeni rasmi aliondoka kwenye kiti, lakini sahani hakuiacha, hilo nilimsifu. Mama Kunegunda aliruka na sufuria yake ya nyama ikiwa salama. Hakuumia mtu. Gari lilikuja kusimama limeegemea meza ya soda, kreti mbili zimevunjika, Mzee amelowa hadi kwenye tai.

Mgeni akatokeza nyuma ya nguzo akauliza: "Nani alifunga nyaya za gari hili?"

Ndugu zangu, swali lilikuwa fupi, na jibu lake lilikuwa fupi kuliko swali. Jibu lilikuwa Sefu. Nilifungua mdomo. Nikakohoa. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisimama mbele ya watu mia nne nikakohoa. Na wakati mimi nakohoa, Mzee Leodegari alikwisha kushuka, akajifuta uso, akasema, "Ni mimi, mheshimiwa."

Naona kicheko kimekatika. Ndipo hapo nilipotaka tufike.

Mzee aliandikiwa barua ya onyo kali. Gari likafunikwa, na yeye akakatazwa kuligusa. Akatolewa kwenye magari akapelekwa kufundisha mwaka wa kwanza kusugua vyuma kwa tupa, fundi mwenye mikono ile! Ilikuwepo pia kozi ya mwaka mmoja nje ya nchi, na jina lake lilikuwa limeshapita. Likafutwa, akatafutwa mwingine. Mnadhani alikwenda nani? Nilikwenda mimi. Nikarudi na cheti cha pili, na cheti hicho ndicho kilichonikalisha kwenye kiti cha Mkuu wa Chuo.

Na gari? Jumatatu ile, kabla barua haijamfikia, Mzee alibadilisha waya mbili. Ni kazi ya dakika tano. Akampakia Polikarp mlinzi wetu pamoja na gunia la mahindi, akasimama katikati ya kilima cha nyuma ya karakana, akaondoka kama anateleza. Polikarp yuko getini, muulizeni. Na gazeti nililoletewa mwaka huu linasema Wajapani wameanza kuuza gari lenye injini na mota pamoja, na wapo wanaofikiria kuyawekea hata magari ya spoti, ili yaondoke kwa nguvu. Wangoni, watani zangu, babu zenu walibeba ng'ombe wa watu nchi nzima. Safari hii na ninyi mmeonja kubebewa chenu.

Kwa nini nasema leo? Si kwa ujasiri. Nina miaka miwili ofisini, faili lake liko kwenye kabati langu, na ufunguo nalala nao. Wiki iliyopita Bi Adela, katibu muhtasi wetu, aliniletea cheti cha utumishi cha Mzee nisaini. Kuna mstari unaouliza makosa ya mtumishi. Bi Adela alisoma faili, akapiga chapa kwa uaminifu: "Alirudisha nyuma gari mbele ya mgeni rasmi." Nilishika kalamu, nikairudisha mezani bila kusaini.

Nikaenda Maposeni. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamuuliza, "Mzee, ulijua kwamba ni mimi?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

Aliendelea kupukuchua. "Gari lilikuwa langu, Mwalimu. Wewe nilikuita unisaidie. Nikikuita jikoni kwangu ukaunguza ugali, nitoke nje niwaambie wageni kaunguza Sefu?"

Nikamwambia, lakini ni miaka sita, Mzee! Hapo ndipo alipoyaweka mahindi chini. Akasema, "Miaka sita nilikuwa nangoja uje hapa tunywe togwa tu. Hukuja."

Nililia, Mheshimiwa. Mtu mzima na vyeti vyangu viwili, nililia juu ya mahindi ya watu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nimeandika barua ya kuifuta ile ya onyo, na jina la mwenye kosa nimeliandika kamili. Nakala ulipata asubuhi. Uliisoma, ukaikunja, ukaniambia, "Tuonane Jumatatu." Jumatatu nitakuja, na lolote utakaloamua nitalipokea. Kwenye cheti cha utumishi, mstari ule wa makosa unasema "Hakuna", na sahihi iliyo chini yake ni yangu. Na wanachuo, kama mnalipenda sana lile jina la Rivasi, nipeni mimi. Mzee huyu ana jina alilobatizwa nalo, na mke wake analo lake.

Ratiba inasema baada yangu ni chakula. Ratiba niliipanga mimi, nami nimeibadilisha, wali usubiri. Tangu mgeni yule alipouliza swali lake, chuo hiki hakijampa Mzee Leodegari nafasi ya kusema mbele ya watu zaidi ya yale maneno matatu. Mimi mmenisikiliza kwa uvumilivu mwingi, na nawashukuru sana. Sasa msikilizeni yeye.