Vidonge Viwili kwa Chai Moja

Teksi ilipotoka Mbale, Jaliah alikuwa tayari amelala akiwa ameketi wima. Alipoamka alimweleza mzee Ukasha, muuguzi mstaafu wa jeshi aliyeketi kando yake, kwamba mumewe, anayeishi Namakwekwe, amemrudisha kwa mamake, Busiu.

"Anasema alioa mke, si godoro."

"Unaumwa nini, binti?"

"Tezi ya shingo, Afande. Tena walinipima damu, wakasema akiba ya madini ya chuma imekwisha. Miezi saba nameza dawa zote mbili, na bado nachoka, nywele zinatoka."

"Unazimeza vipi?"

"Pamoja, na chai ya maziwa, nisisahau."

Mzee alimgeukia. "Kidonge cha chuma kinakizuia cha tezi humo tumboni. Chai nayo inakizuia cha chuma. Meza cha tezi alfajiri kwa maji matupu. Cha chuma kisubiri masaa manne, bila chai."

"Daktari hakusema hivyo."

"Daktari alikuwa na watu wangapi mlangoni?"

"Nyinyi jeshini si mlitibu hata risasi kwa panadol?" Abiria wawili walicheka, Jaliah mwenyewe hakucheka. "Na nikimwambia mume wangu kwamba dawa ni nzuri, nilikosea kumeza, atanirudisha kwake?"

Alichokijua mzee ni dawa, si waume.

Jaliah aliposhuka Busiu, mamake alikuwa akingoja kando ya barabara na chupa ya chai. "Umechoka, mwanangu. Kunywa kwanza, umeze dawa zako."

Jaliah alipokea kikombe, akageuka kulitazama dirisha la mzee. Dereva alikuwa ameshaondoa gari.